Karasha likikwama jiwe mdomoni: namna ya kulitoa bila kuacha mkono ndani (uzi wa usalama kwenye makarasha)

#1 KokotoLugoba

Wakuu salaam.

Uzi huu ni wa wanaoshinda karibu na karasha, mashine ya kuponda mawe: opereta, wasaidizi wanaolisha mawe, mafundi, akina mama wanaojaza ndoo pembeni, na mwenye mashine pia asome. Nataka tuanze na jambo moja, kutoa jiwe lililokwama. Karasha la taya (lile linalobana mawe kati ya bamba mbili za chuma) likiwa linaponda vizuri watu hukaa mbali nalo wenyewe, kelele na vumbi vinawafukuza. Hatari inakuja likigoma. Kazi imesimama, tipa linasubiri, mtu anapanda juu na mtaimbo na kuinama mdomoni.

Nazungumzia karasha dogo ambalo wengi wanalo, mdomo wa milimita 250 kwa 400, mota ya kilowati 15. Jiwe kubwa la kuingia humo ni milimita 210, yaani kama asilimia 85 ya upana wa mdomo. Likizidi hapo meno (mabamba yanayoponda) hayaling'ati. Linacheza juu, linaruka, au linakaa kama kizibo. Kwa hiyo dawa ya kwanza ya kukwama iko chini kwa wapasuaji: kunja nondo iwe pete ya kipenyo cha sentimita 21, itundike pale wanapopasulia mawe kwa nyundo. Lisilopita kwenye pete halipandi. Ukimwambia mtu "usilete makubwa" kila mmoja ana kubwa lake. Pete haina ubishi.

Sababu nyingine za kukwama: udongo wa mfinyanzi ulioshikana na mawe yaliyonyeshewa, mikanda imelegea inateleza, karasha limezimwa likiwa limejaa, na hii watu wanaisahau, kokoto zimejaa chini hadi kwenye mdomo wa kutokea. Jiwe la juu halina pa kwenda, linashindiliwa. Unahangaika juu na mtaimbo kumbe ugonjwa uko chini, wa koleo tu.

Sasa limekwama. Simamisha ulishaji kwanza. Zima mota. Nenda kwenye mein swichi ya karasha, ishushe, ipige kufuli, ufunguo uingie mfukoni mwa yule atakayeinama mdomoni. Usingoje kuambiwa "nimezima". Kisha rudi ubonyeze kitufe cha kuwashia. Isipowaka ndiyo umehakikisha kwamba umefunga swichi yenyewe na siyo ya jirani. Subiri flaiwili (yale magurudumu mazito ya ubavuni) zisimame kabisa, maana zinaendelea kuzunguka muda mrefu baada ya umeme kukatwa. Zikisimama, pitisha mnyororo kwenye matundu ya flaiwili uufunge kwenye fremu, au piga kabari za mbao ngumu pande zote mbili, mbele na nyuma. Legeza mikanda.

Kwa nini yote hayo wakati limeshazima? Karasha lililosimama na jiwe mdomoni halijapumzika. Mikanda imevutika, springi ya fimbo ya nyuma imebanwa, shafti imeishia katikati ya safari, na uzito wa flaiwili unasubiri upande mmoja. Ukilegeza jiwe, flaiwili inaweza kugeuka robo mzunguko peke yake. Taya linahitaji nusu mzunguko tu kutoka wazi kabisa hadi kufunga kabisa, kwa hiyo robo inatosha kwa vidole.

Baada ya hapo ondoa mawe madogo ya juu kwa ndoano ndefu ukiwa umesimama jukwaani, si mdomoni. Jiwe lenyewe lifunge mnyororo au waya ulivute kwa winchi. Likikataa, lipasue kwa nyundo na tindo ukiwa umevaa miwani, ukipiga kutoka pembeni. Hakuna kuingiza miguu kwenye mdomo wa karasha, hata likiwa limefungwa kufuli, bila mkanda wa usalama uliofungwa kwenye nguzo imara na mtu wa pili kusimama anakutazama.

Karibuni mnisahihishe na kuongeza.

#2 Mtoto_wa_Chunya

Mkuu shukrani. Swali: huku karasha nyingi ni za injini ya dizeli ya silinda moja, ya kupiga hendeli. Hakuna mein swichi. Kufuli unalipiga wapi?

#3 FundiPuli

Swali zuri sana hilo, na ndipo watu wanajidanganya kwamba kufuli ni mambo ya viwanda vya umeme.

Kwenye dizeli fanya hivi. Zima kwa lever ya mafuta. Funga koki ya mafuta kutoka tangini. Toa hendeli uondoke nayo, usiiache imelala juu ya injini. Kama ina stata ya betri, vua waya wa hasi. Halafu, na hili ndilo kufuli lenyewe, vua mikanda yote kutoka kwenye puli. Injini isiyoshikana na karasha haiwezi kulizungusha hata mtu akiiwasha kwa makosa. Mikanda ilale chini mbele ya macho ya anayefanya kazi.

Sababu ya kusisitiza mikanda: dizeli haihitaji umeme ili ilipue mafuta. Mnapozungusha flaiwili ya karasha kwa mikono kutafuta nafasi ya kutoa jiwe, mnazungusha na injini. Lever ikiwa imebaki kwenye mafuta, pistoni ikapanda, injini inaweza kushika, au ikarudisha teke kinyumenyume. Watu wawili wameshika flaiwili, wa tatu ana mkono mdomoni. Unaona picha.

Kuhusu hendeli yenyewe: kidole gumba kikae upande mmoja na vidole vingine, usiizungushie. Ikipiga teke, hendeli itoke kiganjani, isivunje kifundo cha mkono.

#4 FeziTatu

Naongeza upande wa umeme, kuna mambo mawili ambayo fundi anayefunga karasha anaweza kuyakosea na hayaonekani kwa macho.

La kwanza ni kuwashia kwa swichi ya kugeuza, ile ya kuiweka ON ikabaki ON. TANESCO wakikata, karasha linasimama. Opereta anaona limekaa kimya, anaingia kusafisha. Umeme ukirudi, mashine inaondoka yenyewe. Karasha liwashwe kwa vitufe viwili, kijani na chekundu, kupitia kontakta (swichi ya sumaku) inayojishikilia. Umeme ukikatika kontakta inaachia, na haiwezi kushika tena hadi mtu abonyeze kijani. Vipuri vyake ni vya kawaida, duka lolote la umeme linavyo.

La pili ni relei ya ovalodi, inayokata umeme mota ikizidiwa. Ina kisehemu cha kuchagua A au H. A inajirudisha yenyewe ikipoa, H inasubiri kidole cha mtu. Karasha likikwama, mota inavuta ampia nyingi, ovalodi inakata. Ikiwa iko kwenye A na swichi ni ile ya kugeuza, basi baada ya dakika chache, wakati mtu anahangaika na jiwe, relei imepoa na mota inaanza tena. Weka H. Na ampia ziwekwe sawa na kibao cha mota: kilowati 15 kwa volti 400 inasoma kama ampia 28 hadi 30. Ukikuta mtu ameipandisha hadi 45 "ili isikatekate", ujue mota inaungua polepole na karasha limeondolewa kinga.

Kitufe chekundu cha dharura kiwepo mahali ambapo mlishaji anakifikia bila kushuka jukwaani. Kikiwa kwenye paneli upande wa pili wa kibanda, hicho ni pambo. Lakini kitufe cha dharura hakichukui nafasi ya kufuli. Kitufe kinakata waya mwembamba wa kontroli, kufuli linakata umeme wenyewe.

#5 Jiwe_Gumu

Nawaheshimu wakuu lakini huo mlolongo ni wa mgodi mkubwa. Jiwe likiteleza juu juu unaligusa na mtaimbo huku karasha linazunguka, linaingia, sekunde tano kazi inaendelea. Mkifunga kufuli kila jiwe mtaponda tripu ngapi kwa siku?

#6 KokotoLugoba

Ndugu Jiwe_Gumu, nakujibu kwa uzito wote maana wengi wanafikiri kama wewe.

Mtaimbo ukiingia kati ya taya na jiwe huku mashine inazunguka, taya haliachi kufunga kwa sababu wewe umeshika. Linafunga kama mara 300 kwa dakika, yaani mara tano kila sekunde. Chuma kinabanwa upande wa chini, na ule wa juu ulio mikononi mwako unarushwa kama fimbo. Unapita kwenye kidevu, kifua, au unakuvuta mbele kwa sababu kiganja kimekaza na hakina muda wa kuachia. Hiyo sekunde tano unayoitaja ni mizunguko 25 ya taya.

Na jiwe nalo. Likibanwa kwenye kona linaruka kama mbegu ya embe kati ya vidole. Ndiyo maana mdomo unatakiwa uwe na ngao: mpira wa mkanda mzee wa konveya (mkanda unaosafirisha kokoto) ukatwe vipande vya upana wa sentimita 15 vining'inizwe kama pazia upande wa mlishaji, na bamba la chuma upande wa flaiwili.

Kuhusu tripu, umeuliza haki. Jiwe linalokwama kila nusu saa halihitaji mtaimbo, linahitaji ile pete ya sentimita 21, au kichujio cha reli juu ya hopa (sanduku la kulishia mawe): vyuma sambamba, nafasi kati yake milimita 200, jiwe kubwa linabaki juu na kuvutwa pembeni kwa ndoano. Fanya hivyo uone kukwama kunapungua kiasi gani. Muda unaoutafuta uko hapo.

Na utaratibu wa kuwasha na kuzima nao unaokoa muda. Kuwasha: konveya ya mwisho kwanza, kisha chekeche, kisha karasha tupu, likishapata kasi ndipo mawe. Kuzima ni kinyume: acha kulisha, subiri litapike yote, sauti ibaki ya chuma kitupu, zima karasha, mwisho konveya. Ukizima na mawe tumboni, asubuhi utaanza siku kwa kuyatoa kwa mikono.

#7 Nyundo_za_Geita

Mmezungumza la taya. Kwa sisi wa dhahabu mawe ya mbale (mawe yenye dhahabu) mengi yanasagwa kwenye karasha la nyundo, nalo lina tabia zake, tena ni kali zaidi.

Ukizima, rota (shafti yenye nyundo) inaendelea kuzunguka na haionekani, iko ndani ya sanduku. Sauti imeisha, injini imetulia, nyundo bado zinapita chini ya kifuniko. Asifungue mtu bolti hata moja kabla hajathibitisha kwa macho kwamba puli imesimama. Piga alama ya rangi nyeupe kwenye puli, mstari mmoja kutoka katikati hadi ukingoni. Kwa jua la mchana puli inayozunguka polepole inadanganya, lakini mstari mweupe hauwezi kujificha.

Pili ni uzito wa nyundo. Chukua nyundo ya kilo 2, iko sentimita 25 kutoka katikati ya shafti, mizunguko 1,000 kwa dakika. Pini inayoishikilia inavutwa kwa nguvu inayozidi uzito wa kilo 550. Pini hiyo ikiwa imelika upande, au mtu ameweka nondo badala ya pini ya chuma kigumu, ikikatika nyundo inatoka kwa nguvu hiyo, na sanduku la bamba jembamba haliizuii. Kagua pini kila asubuhi kabla ya kuwasha. Ukiona imepata kiuno, mahali pamelika kama kiuno cha nyigu, itupe.

Ukibadilisha nyundo usibadilishe moja. Zipime kwenye mzani wa duka, kisha zinazokaribiana uzito zikae zikitazamana, moja upande huu na nyingine upande wa pili wa rota. Tofauti ya gramu 100 tu kwa kasi ile ile inavuta shafti kwa kilo 28 upande mmoja, kila mzunguko. Ndiyo mtetemo mnaouona unalegeza bolti za msingi na kuua beringi.

Tatu, vyuma. Moko (tindo ya mchimbaji) iliyosahaulika kwenye kiroba, jino la kijiko cha mashine ya kuchimbia, kichwa cha nyundo. Kwenye taya vinasimamisha mashine, kwenye nyundo vinageuka risasi. Mimina kila kiroba kwenye bamba bapa kwanza, tandaza, tazama, ndipo upakie kwa koleo. Kumimina kiroba moja kwa moja kwenye hopa ni marufuku, hata kama mwenye mawe amekaa pembeni anakuhimiza.

Na asikae mtu yeyote kwenye mstari wa mzunguko wa nyundo, mbele wala nyuma ya sanduku. Wenye mbale hupenda kusimama hapo kulinda mawe yao. Wawekee benchi upande wa ubavu, wataona vizuri na watakuwa salama.

#8 MigoriGold

Hongereni sana wadau, hapa Migori tunafuatilia. Naomba kuuliza juu ya konveya na mikanda. Tumeweka wavu wa chuma wenye matundu ya inchi mbili, umekaa karibu kabisa na puli, kama upana wa kiganja. Mkaguzi amekataa. Shida ni gani na wavu upo?

#9 FundiPuli

Mkaguzi yuko sawa, ndugu yangu wa Migori. Tundu la inchi mbili, milimita 50, mkono unapita. Kipimo cha kimataifa, ISO 13857, kinasema tundu la mraba linalozidi milimita 40 hadi 120 wavu ukae milimita 850 kutoka kwenye sehemu inayozunguka, kwa sababu mkono wote unaingia hadi begani. Tundu la milimita 25 linaruhusiwa kukaa milimita 120 tu. Kwa hiyo badilisha wavu uwe wa milimita 25 na uusogeze hadi nafasi ifike sentimita 12, au acha huo wa inchi mbili ukausimamishe mbali, sentimita 85. Kava lifungwe kwa bolti zinazohitaji spana, lisiwe la kuchomoa kwa mkono. Lisilohitaji spana halikai wiki.

Kwenye konveya sehemu mbaya kuliko zote ni puli ya nyuma, ile ya chini kwenye mkia, pale kokoto zinapodondokea. Mkanda unaingia kwenye puli, na mtu yuko pale na koleo anasafisha kifusi huku mkanda unatembea. Mkanda ukienda mita 1.5 kwa sekunde, koleo likinaswa, mkono wa sentimita 70 unaingia wote ndani ya nusu sekunde. Hakuna kuwahi. Kifusi cha chini kinasafishwa mkanda umesimama na kufuli liko juu. Kama kinajaa haraka mno, tatizo ni mkanda unaomwaga: rekebisha mpira wa pembeni pale chuti (mfereji wa kokoto) inapomwagia, na uweke kikwangua cha ndani kabla ya puli ya nyuma.

Kamba ya dharura ipite urefu wote wa konveya, pande zote mbili kama watu wanapita pande zote. Ikivutwa ibaki imekata hadi mtu aende pale pale kuirudisha.

Grisi nayo: unganisha mpira mwembamba kutoka kwenye nipeli ya beringi hadi nje ya kava. Mtu apake akiwa nje, asifungue kava.

Mavazi, kwa kifupi. Karibu na mikanda hakuna glovu pana, hakuna kitenge kilichofungwa kiunoni, hakuna skafu, rasta na nywele za kusuka ziingie ndani ya kofia. Glovu ni za kubebea mawe na kubadilishia meno. Kwenye puli glovu inamnasa mtu.

#10 Sista_Afya_Kazini

Naomba niingie na la vumbi, maana hili halipigi kelele na watu hawalioni kuwa ni ajali.

Mawe ya mbale ni kwatzi kwa sehemu kubwa, na graniti ya kokoto nayo ina kwatzi. Ikipondwa inatoa chembe ndogo za silika ambazo jicho halizioni. Vumbi unaloliona kwenye nyusi ni kubwa, pua inalikamata. Linaloua ni lile dogo linalofika mwisho wa mapafu na kuacha makovu. Makovu hayo, silikosisi, hayana dawa ya kuyaondoa. Kwa kawaida huchukua miaka kumi na zaidi, lakini kwenye vumbi zito kama la karasha la nyundo lisilo na maji yanaweza kuanza mapema zaidi. Na mapafu yenye silika yanashikwa na TB kwa urahisi, zaidi tena mtu akiwa na VVU. Kikohozi kisichoisha wiki mbili, mtu aende kupima, na amwambie daktari neno hili: "nafanya kazi ya karasha". Asiposema, picha yake ya kifua inaweza kusomwa kama TB peke yake. Hospitali ya Kibong'oto kule Siha, Kilimanjaro, ina uzoefu mkubwa na wachimbaji wa Mirerani kwa shida hii.

Marekani kiwango cha juu kwa mfanyakazi wa zamu ya saa 8 ni mikrogramu 50 za silika kwa kila mita moja ya ujazo ya hewa. Ili mpate picha, hiyo ni takriban uzito wa chembe moja ndogo ya chumvi. Kwa hiyo vumbi likionekana linaelea kwenye mwanga wa jua, usianze kubishana na vipimo.

Leso na kitambaa cha pamba havizuii chembe hizi. Barakoa ya bluu ya hospitali inaachia hewa pembeni. Inayofaa ni ya FFP2 au N95 kuendelea juu, ibane pande zote, ndevu ziwe zimenyolewa pale inapogusa ngozi. Ikianza kuwa ngumu kupumulia imejaa, badilisha. Usiikung'ute uivae tena.

Msifagie kavu, mwagieni maji kwanza. Msipulizie nguo kwa kompresa. Ovaroli ibaki kazini, isiende nyumbani kulalia kitandani na watoto. Na wanaochambua kokoto na watoto wanaocheza upande upepo unakoelekea, hao wanavuta vumbi lile lile bila barakoa. Hamisheni kituo chao upande upepo unakotoka.

#11 Mtoto_wa_Chunya

Dada, maji kwenye karasha la nyundo yanaziba chekeche, mbale inakuwa tope. Hapo tunafanyaje?

#12 Nyundo_za_Geita

Nijibu hilo. Usimwagie ndani. Nyunyizia mawe kwenye lundo kabla ya kuyapakia, uso wa jiwe uwe na unyevu usiodondosha tone. Ukilishika, kiganja kibaki na ubaridi bila kulowa. Kisha weka ukungu wa maji pale unga unapotokea, nozeli ndogo, si bomba la bustani. Matone makubwa yanapita kando ya vumbi, ukungu unalikamata. Funga mdomo wa kutokea kwa mfuko wa turubai uliobana unaoingia kwenye kiroba, unga usipigwe na upepo. Na hopa iwe na pazia la mpira kama la KokotoLugoba, maana karasha la nyundo linapuliza hewa kama feni, vumbi jingi linarudi juu kwa mlishaji.

#13 FundiPuli

Kabla sijasahau, togo pleti. Ni lile bamba la nyuma linalosukuma taya. Limetengenezwa kuwa dhaifu kwa makusudi: chuma kikiingia mdomoni, togo inavunjika ili shafti na fremu vipone. Naona watu wanaichomelea, wanaongeza bamba la pili, wanajisifu kwamba "sasa haivunjiki". Haivunjiki kweli. Mara nyingine kitakachovunjika ni shafti au fremu, na vipande vyake ni vizito.

Kuibadilisha: kabla ya kugusa nati ya springi ya nyuma, lifunge taya linalocheza kwa mnyororo na winchi, likazwe. Togo ndiyo inalishikilia taya. Ikitoka, taya linabembea na kujiangusha kwenye mikono ya aliye chini. Springi ilegezwe polepole, zamu kwa zamu, na usisimame kwenye mstari wa fimbo yake.

Meno ni chuma cha manganizi, ambacho uso wake huzidi kuwa mgumu kadiri unavyogongwa. Ukilipiga moja kwa moja linatoa vipande kama wembe. Weka mbao katikati, vaa miwani. Na uzito: bamba la sentimita 40 kwa 60 lenye unene wa 5 ni kama kilo 94. Hiyo ni kazi ya winchi, msilibebe kwa mikono.

Ukichomelea popote kwenye karasha, klampu ya ethi iwe karibu kabisa na pale unapochoma. Ukiibana upande wa pili, umeme unapita kwenye beringi na kuichoma ndani bila wewe kujua, nayo itakuja kufa kwa moto wiki zijazo.

#14 BlastaMstaafu

Moja tu. Mawe yanayotoka kwenye duara (shimo la mgodi) lililolipuliwa yanaweza kuwa na baruti ambayo haikulipuka, au kifaa cha kuwashia chenye waya. Kwenye lile bamba la kutandazia, ukiona waya wa rangi usioeleweka, kibomba kidogo cha rangi ya fedha au shaba, au kitu kama sabuni kimejikunja kwenye ufa wa jiwe: acha, usikivute, usikigonge, usikimwagie chochote. Simamisha karasha, ondoa watu, mwite blasta (fundi wa kulipua miamba) mwenye cheti aliyelipua hapo. Taya na nyundo zote mbili zina nguvu ya kutosha kukilipua.

#15 Sista_Afya_Kazini

Na mtu akishanaswa. Zima, piga kufuli, usirudishe mashine nyuma kwa kuijaribu na usimvute. Kwenye taya, lifunge kwanza taya kwa mnyororo kama alivyosema FundiPuli, kisha legeza nati ya springi na kabari za kurekebishia upana ili mdomo ufunguke. Kwenye konveya, legeza bolti za kukazia mkanda kwanza. Mkanda ukikatwa ukiwa umekaza unaruka na kumvuta tena.

Damu: kandamiza kwa kitambaa safi kwa uzito wa mwili wako, usifunguefungue kutazama. Ikiruka kwa mapigo na haikomi, funga kamba pana, au mkanda wa suruali na kijiti cha kukazia, sentimita 5 hadi 7 juu ya jeraha, isikae pale kwenye kiwiko wala goti. Andika saa uliyofunga, na usiilegeze hadi hospitali. Kidole kilichokatika kifungwe kwenye gozi yenye unyevu wa maji safi, kiingie mfuko wa plastiki uliofungwa, mfuko huo ndio ukae kwenye barafu. Barafu isiguse nyama. Usimpe chakula wala chai, anaweza kuhitaji upasuaji. Zimamoto na Uokoaji Tanzania ni 114. Namba ya gari la karibu na jina la hospitali yenye upasuaji viandikwe kwa rangi kwenye ukuta wa kibanda, maana wakati huo hakuna anayekumbuka.

#16 MigoriGold

Asanteni sana. La mwisho: tuko wanne tunaotengeneza pamoja, kufuli ni moja. Aliyefunga akienda chakula na ufunguo?

#17 KokotoLugoba

Kufuli zenu ziwe nne, ndugu. Kila mtu kufuli lake, ufunguo mmoja tu duniani, jina limeandikwa juu yake kwa rangi. Swichi ina tundu moja, kwa hiyo chomelea kipande cha bamba chenye matundu sita, kipite kwenye swichi, kila mmoja apige lake. Anayemaliza anatoa lake peke yake. Mashine haiwaki hadi kufuli la nne litoke. Mtu akiondoka na ufunguo, anapigiwa simu arudi. Msimamizi asikate kufuli kabla hajahakikisha kwa macho kwamba mwenyewe hayumo ndani wala chini ya mashine, na kabla hajaongea naye kwa sauti yake.

Kipande hicho cha bamba, unene milimita 6, matundu ya milimita 10, yasikaribiane chini ya sentimita 3 kufuli zisigongane.